Mionzi imemaliza kansa, sasa jicho nani analifuatilia?

Baba yangu mdogo ni fundi cherehani hapa Morogoro, ana zaidi ya miaka 20 kwenye hiyo kazi, na tangu nikiwa mtoto namuona akitunga uzi anafumba jicho la kushoto, anaisogeza sindano karibu na la kulia, analamba ncha ya uzi, mara moja tu umeingia. Siku hiyo alikuwa na sare za harusi, kitambaa chekundu, akamtuma kijana wake alete uzi, kijana akaleta, mzee akafumba jicho lake kama kawaida halafu akaanza kufoka, nimekwambia mwekundu we unaniletea wa rangi ya udongo. Kijana akamwambia mzee mbona huu ni mwekundu. Akafumbua jicho la kushoto, akauona mwekundu kweli. Akalifumba tena, ukarudi kuwa wa udongo. Akafanya hivyo mara tatu nne, akauweka uzi mezani akakaa kimya. Hakuwa na maumivu yoyote, jicho halikuwa limeiva wala halitoi tongotongo, ukilitazama kwa nje ungesema ni zima kabisa. Ndani ya wiki mbili lile jicho la kulia lilikuwa linatofautisha mchana na usiku tu basi.

Miezi 19 kabla ya hapo alikuwa amemaliza mionzi. Kansa yake ilikuwa ile inayokaa nyuma ya pua, juu ya koo, ilianza na sikio moja kuziba na uvimbe shingoni, akatibiwa sikio, akatibiwa TB ambayo hakuwa nayo, mpaka kilipokatwa kinyama kikapelekwa maabara ndo majibu yakatoka. Akapigwa mionzi mara 35, siku 5 kwa wiki kwa wiki 7, na dripu za kemo katikati, kila siku analala chali wanamvalisha maski ya plastiki yenye matundu matundu inayobanwa kwenye kitanda ili kichwa kisitikisike hata kidogo. Mdomo ulichubuka akawa anakunywa uji kwa mrija, akakonda mpaka suruali zake mwenyewe akazipunguza kiunoni kwa mkono wake. Lakini alipona. Naomba niliseme hili mapema maana sitaki mtu asome hapa halafu amtoroshe ndugu yake wodini: ile kansa ingemuua, na mionzi ndo iliyomuokoa. Kansa ya nyuma ya pua iko ndani sana kwa kisu cha daktari kuifikia vizuri, na bahati nzuri inasikia mionzi kuliko kansa nyingi za kichwa na shingo, kwa hiyo mtu akikwambia achana na mionzi kunywa mizizi, huyo anakuzika.

Sasa twende kwenye hayo macho. Kliniki ya kwanza walisema ni mtoto wa jicho anaanza, wakaandika miwani, tukanunua. Ya pili wakasema presha ya macho, akapewa matone ya kuweka asubuhi na usiku. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama amewahi kupigwa mionzi, na sisi wenyewe hatukusema, kwa sababu kichwani mwetu ile ilikuwa habari ya kansa na hii ni habari ya macho, vitu viwili tofauti, tena ile ya kwanza tulishaifunga na tukachinja mbuzi. Kliniki ya tatu tulikuta daktari dada, mdogo tu kiumri, akammulika tochi jicho la kulia, akaihamisha la kushoto, akarudisha la kulia, akarudia rudia huku anaangalia mboni, kisha akachukua kifuniko chekundu cha chupa akamwonyesha kwa jicho moja moja akimuuliza wekundu umekolea sawa? Halafu macho yake yakatua kwenye ngozi ya shingo chini ya sikio, pale palipobaki peusi na pagumu kama ngozi ya ngoma, akauliza baba hapa uliungua na nini? Baba mdogo akasema ni mionzi. Yule dada akaweka tochi chini na akavuta kiti.

MRI aliyoandika ilionyesha kansa haijarudi, na neva ya jicho la kulia ilikuwa inang'aa kule nyuma baada ya kuchomwa dawa ya kipimo. Neva imeunguzwa na mionzi, ndo jina lake kwa lugha ya kawaida.

Kinachoniuma mimi ni kwamba mgonjwa wa mionzi anaagwa siku ya dozi ya mwisho, anapigiwa makofi, anapewa tarehe za kurudi kuangaliwa kansa, wakati kuna madhara mengine ndo kwanza yanaanza safari yake, na anaagwa bila karatasi yenye namba zake. Nakubali pengine jicho la baba mdogo lisingeokoka hata tungejua kila kitu. Lakini miwani isiyosaidia, matone yasiyosaidia, wiki nzima nzima za kuzunguka, na hofu tuliyolala nayo kuhusu jicho la pili, hivyo vyote vingeepukika kwa karatasi moja na maelezo ya dakika 10.

Watu wengi wanajua madhara ya mionzi ni yale ya papo hapo, vidonda vya mdomo, ngozi kuungua, mate kukauka, kuchoka, na mengi kati ya hayo yanapungua baada ya wiki au miezi ingawa mate mara nyingi hayarudi yote. Yale ya kuchelewa yanafanya kazi tofauti. Mionzi inapopita inajeruhi kuta za ndani za vimishipa vya damu vidogo vidogo vinavyolisha neva, na hizo kuta hazifi siku hiyo, zinaendelea kufanya kazi huku zimejeruhiwa, taratibu zinasinyaa zinaziba, mpaka siku moja neva inakosa chakula na hewa inazimika. Ndo maana haiumi na ndo maana inakuja ghafla wakati mtu keshasahau. Kwa kawaida inatokea ndani ya miaka 3 baada ya mionzi, wengi ni kama mwaka mmoja na nusu hivi, ila zipo zilizotokea miezi mitatu tu baadaye na zipo zilizotokea baada ya miaka 8. Miezi 19 ya baba mdogo imo humohumo katikati, yaani ni kitu kinachojulikana, kimeandikwa miaka na miaka.

Na ukiangalia mahali penyewe utaelewa kwa nini daktari anabanwa. Neva ya jicho inatoka nyuma ya jicho, inapita kwenye kitundu cha mfupa, inaingia ndani ya fuvu na kukutana na mwenzake wa upande wa pili juu kidogo ya tezi pituitari. Chini ya hiyo tezi kuna uwazi wa mfupa wenye hewa, na chini ya huo uwazi ndo kuna dari ya nyuma ya pua. Kansa ikibaki chini, neva ziko mbali kidogo na moto. Ikipanda ikala mfupa wa kitako cha fuvu, kama ilivyopanda upande wa kulia wa baba mdogo, kati ya kansa na neva zinabaki milimita za kuhesabu, na mionzi haina ukuta, huwezi kuiambia ishie hapa.

Kipimo cha mionzi kinaitwa grei. Kansa ya aina hii ili ife inataka kama grei 66 mpaka 70. Neva ya jicho, ikipewa kwa vipande vya kawaida vya karibu grei 2 kwa siku, chini ya 50 huwa karibu haipati shida, kati ya 55 na 60 hatari ya kupofuka ni kama watu 3 hadi 7 kwa kila 100, ikivuka 60 inakuwa 7 hadi 20 kwa 100. Hizo namba zimetoka kwenye mapitio ya QUANTEC ya mwaka 2010, yaani mkusanyiko wa tafiti za viwango vya mionzi ambavyo viungo vinavumilia, ambayo wataalamu wa mionzi wengi wanapangia matibabu. Kuna kitu kingine ambacho watu wa nje hawakijui, kwamba ukubwa wa dozi ya siku moja nao una kesi yake. Mwaka 1994 Parsons na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha hesabu ya wagonjwa wao waliofuatiliwa miaka mingi, neva 106 zilizopata chini ya grei 59 hakuna hata moja iliyozimika, lakini kwa zilizopata 60 na kuendelea, waliopewa chini ya grei 1.9 kwa siku hatari yao kwa miaka 15 ilikuwa asilimia 11, na waliopewa 1.9 au zaidi ilikuwa asilimia 47. Gunia ukilihamisha kwa debe debe mgongo unasalimika, ukilibeba kwa safari mbili unakunja mtu. Ndo sababu mtu akisema alipigwa mionzi miezi miwili hajaniambia kitu, nataka jumla, nataka mara ngapi, nataka kila mara ni kiasi gani.

Na si neva peke yake, naomba msomaji mwenye ndugu aliyepigwa mionzi kichwani, usoni, kwenye pua au sinasi asome hapa taratibu maana hapa ndo kuna macho yanayookolewa. Lenzi ya jicho ni dhaifu mno kwa mionzi, mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilishusha kiwango cha tahadhari mpaka nusu grei, kwa hiyo mtoto wa jicho anaweza kuja miaka miwili mitatu baadaye hata kama mionzi ilipita pembeni tu, na huyo anatolewa kwa operesheni ya muda mfupi mtu anaona tena. Tezi ya machozi ikiungua jicho linakauka, linachoma kama lina mchanga, na likiachwa kavu konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inachubuka, inaota kidonda, jicho linapotea kwa kitu ambacho matone ya machozi ya bandia na mafuta ya macho usiku yangekizuia. Hapo ndo unakuta mtu anaweka asali, anaweka maji ya majani, wengine mkojo, kwenye jicho ambalo halina machozi ya kusafisha chochote. Jamani msifanye hivyo. Retina nayo, ile ngozi ya nyuma inayopokea picha, ikipata kama grei 45 au 50 mishipa yake inaanza kuvuja na kuziba kwa namna inayofanana sana na macho ya mgonjwa wa sukari, na kama mtu ana sukari kweli ndo inawahi zaidi na kwa dozi ndogo zaidi. Ikionekana mapema kuna leza, kuna sindano za kuchoma ndani ya jicho, zinasaidia. Inatakiwa tu mtu apanue mboni aangalie kabla mgonjwa hajalalamika, kwa sababu akilalamika mara nyingi keshachelewa.

Ile neva ndo ngumu. Wamejaribu steroidi, wamejaribu kumweka mtu kwenye chumba cha oksijeni yenye presha kubwa, wamejaribu dawa iitwayo bevacizumab kwenye mshipa, kuna waliopata nafuu kidogo hasa waliowahi mapema sana, lakini hakuna dawa iliyothibitika kwamba inairudisha. Baba mdogo alipewa steroidi, sukari yake ikapanda, jicho halikurudi. Yule daktari dada alimwambia ukweli tangu siku ya kwanza kwamba nakupa hii lakini usinitegemee sana, na mpaka leo mzee anamtaja kwa heshima kubwa, kuliko anavyowataja waliompa miwani na matone.

Nilienda hospitali alikopigiwa mionzi kuomba rekodi zake. Jina lake silitaji, maana nimeongea na watu waliotibiwa kwingine na kwingine, nchi hii na ya jirani, hadithi ni ileile. Safari ya kwanza nikaambiwa faili liko stoo. Ya pili mhusika yuko semina. Ya tatu nikakutana na mtaalamu mmoja wa fizikia tiba, kijana mstaarabu sana, akafungua kompyuta, akatafuta jina, ikaja picha ya kichwa cha baba mdogo imepakwa rangi kama ramani ya mvua, nyekundu katikati, njano, kijani, bluu kwa pembeni, na neva mbili zimechorwa kama nyuzi mbili nyembamba zinazotoka kwenye macho. Akaniandikia kwenye karatasi. Jumla 70 kwa mara 35. Neva ya kulia, sehemu iliyopata zaidi, 62. Ya kushoto 53.

Nikamuuliza hizi namba zilijulikana lini. Akasema kabla hajaanza, huu ni mpango, daktari aliuona akausaini ndo tukaanza.

Nilikaa nayo hiyo wiki nzima. Ile 62 ilikuwepo kabla baba mdogo hajavalishwa maski hata siku moja. Mtu aliyesoma, tena kwa nia njema kabisa, alikaa akatazama ile picha, akaona kwamba akipunguza moto upande wa kulia ili kulinda neva basi kansa iliyopanda pale itabaki hai, akachagua maisha ya mgonjwa kuliko jicho. Na mimi ningechagua hivyohivyo. Baba mdogo mwenyewe nimemuuliza, akasema angesema piga tu, nina watoto watatu. Sasa kama daktari angechagua hivyo na mgonjwa angechagua hivyo, kwa nini uchaguzi ule ulifanyika mgonjwa akiwa nje ya mlango? Fomu ya ridhaa alisaini ndio, imeandikwa kuna madhara ya muda mfupi na muda mrefu, alisaini kama tunavyosaini wote, kidole kinaonyeshwa saini hapa na hapa.

Nimewasikia madaktari wanaojitetea kwamba ukimwambia mgonjwa anaweza kupofuka atakimbia, atarudi kwa mganga, atakufa. Siwapuuzi, wanayaona hayo kila wiki, na mgonjwa anayekuja ameshachelewa na hofu tele ni mtihani kumpa habari nyingine mbaya. Lakini angalia kilichotokea mtaani kwetu baada ya jicho la mzee kuzimika. Watu hawakusema daktari alichagua kumwokoa maisha, walisema mionzi imempofusha, na kuna mama mmoja jirani aliyekuwa na rufaa ya kwenda kupigwa mionzi ya mlango wa kizazi, sehemu ambayo haina uhusiano wowote na macho, akagoma mwezi mzima mpaka shangazi zangu wakaenda kumkalisha chini. Kwa hiyo kule kunyamaza ili watu wasikimbie ndo kumewakimbiza. Mtu aliyeambiwa mapema hatari ni kama 10 kwa 100, hiki ndo tunachokiona na hii ndo sababu tunaendelea, likimtokea anajua lilikotoka na anajua aende wapi siku hiyohiyo.

Tatizo lingine ni sisi wenyewe tunavyohesabu mafanikio. Aprili 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, iliharibika kabisa, nchi nzima ikabaki bila, ikawa habari dunia nzima mpaka hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu wagonjwa 400, na mashine mpya ilivyozinduliwa Januari 2018 watu tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Mwaka huohuo wa 2018 hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakaanza kutumia mashine za LINAC, zinazotengeneza mionzi kwa umeme, badala ya kutegemea zile za zamani za kobalti tu, na hilo kwa macho ni jambo kubwa, maana mashine za kisasa zikipangwa vizuri kwa picha za CT na MRI zinaweza kuukunja moto uzunguke kansa na kupungua pale neva inapopita, wakati mipango ya zamani ya kupiga kulia na kushoto ilikuwa inapita na kila kilichoko katikati. Kenya nako baada ya miaka mingi ya hospitali ya umma moja tu ya Kenyatta kubeba mzigo, vituo vimeongezeka. Kila mashine ina picha ya waziri anakata utepe. Aliyepona hana picha. Hakuna anayesimama kusema mwaka huu tumewafuatilia waliopona miaka mitatu iliyopita na hali ya macho yao ni hii, masikio hii, meno hii, tezi hii. Na watakuwa wengi, kwa sababu mashine zikiongezeka wanaopona wanaongezeka. Hii kansa ya nyuma ya pua ni ya kwetu kwa muda mrefu, madaktari wa Nairobi walikuwa wanaiandika tangu miaka ya 1960, hasa kwa watu wa Bonde la Ufa, na haisubiri uzee, inakamata hata vijana wadogo. Kijana wa miaka 18 akipona ana miaka 50 ya kuishi na lile fuvu lililopigwa mionzi.

Ninachokitaka hakihitaji mashine. Kabla ya dozi ya kwanza, mtu ambaye mionzi yake itapita karibu na macho apimwe macho, asome herufi, apimwe rangi, aandikwe, ili siku akilalamika kuwe na cha kulinganisha. Siku ya dozi ya mwisho apewe karatasi moja kwa Kiswahili, jumla ngapi, mara ngapi, kila neva ilipata ngapi, lenzi ngapi, aibandike kwenye kadi yake kama mama anavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto. Halafu kwenye zile tarehe za kurudi kuangaliwa kansa, kila mara apite na kwa watu wa macho, angalau miaka mitano ya mwanzo, sukari na presha zikiangaliwa papo hapo maana zote zinachochea uharibifu wa ile mishipa. Na kliniki za macho, hata ile ya wilayani yenye mhudumu mmoja na tochi, swali la umewahi kupigwa mionzi kichwani au shingoni liwe kwenye maswali ya mwanzo kabisa kama wanavyouliza una sukari. Lile swali yule dada aliliuliza kwa bahati, kwa sababu aliona ngozi. Siku hizi mashine mpya hazichomi ngozi sana kama zamani, alama inaweza isiwepo kabisa, sasa atakayekuja baada ya baba mdogo ataulizwa kwa kuonekana nini?

Gharama najua. Kuna mtu anatoka Kigoma au Mtwara, nauli ya kurudi kliniki ya kansa yenyewe anauza kuku, umwongezee na ya macho. Ndo maana nasema karatasi, kwa sababu karatasi inasafiri naye, mhudumu wa macho wa hukohuko kwao akiiona anajua anatafuta nini na ampe rufaa haraka kiasi gani. Simu ipo, picha ya ile karatasi inaweza kukaa kwenye WhatsApp ya mtoto wake.

Ile karatasi yetu niliipeleka kwa yule daktari wa macho. Aliisoma, akakaa na ile 53 muda kidogo, halafu akamgeukia baba mdogo akamwambia baba, hili la kushoto lilipata kidogo kuliko nilivyokuwa naogopa, siwezi kukuapia lakini liko upande mzuri wa mstari. Tangu jicho la kulia lizimike ilikuwa mara ya kwanza nikamuona mzee anashusha mabega. Miezi yote ile alikuwa anaamka usiku anawasha taa kuhakikisha bado anaona, mama mdogo alituambia baadaye. Hata kukata kitambaa cha mteja alikuwa hapokei kazi ya zaidi ya wiki moja mbele, kwa sababu hakuwa na uhakika kama wiki hiyo atakuwa na jicho.

Sasa hivi anapokea. Kutunga uzi amemwachia kijana, kwenye pindo anapita na vidole, na jicho la kushoto anapimwa kila miezi minne. Katikati ya hapo anajipima mwenyewe kwa namna aliyofundishwa, kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani anachukua uzi uleule mwekundu wa zile sare za harusi, aliuhifadhi, anakaa mlangoni kwenye mwanga, na binti yake mdogo anakaa mbele yake na wake. Anauangalia, anamuuliza binti, wako umekolea? Binti anasema umekolea. Na yeye anasema, wangu pia.